Mzimu wa Alama: Nani Anaisoma Fasihi ya Unguja Mtandaoni?

Andika neno "Zanzibar" kwenye Google, utaletewa hoteli. Utaletewa fukwe za Nungwi na Paje, nauli za boti kutoka Dar es Salaam, hali ya hewa, na watu wanaotaka kukupeleka Kizimkazi ukaangalie pomboo. Ongeza neno "mwandishi," utaletewa Abdulrazak Gurnah. Ongeza "mwanamuziki," humkosi Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Lakini Muhammed Said Abdulla, baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, haji mpaka umwite kwa jina. Na hata jina lake ukilijua, bado una kazi, kama nitakavyoeleza.

Mie ni mhakiki, na nimezoea kusoma vitabu. Siku hizi nausoma pia ukurasa wa matokeo ya utafutaji kama matini nyengine yoyote. Una mpangilio, una wahusika wakuu na wahusika wadogo, una waliotupwa nje ya hadithi. Wengi wetu tunaoandika kuhusu vitabu mtandaoni tunaamini kwamba aliyetupwa nje ametupwa kwa sababu tovuti yake ina alama ndogo, na kwamba alama ikipanda wasomaji watamiminika. Imani hiyo imeanza kubadilisha namna tunavyoandika, na hapo ndipo linaponihusu. Kwa hiyo nauliza: hivi alama hizi zina kazi gani khasa?

Kwanza tuijue alama yenyewe. Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia ya kuzipima kurasa za mtandao kwa kuangalia nani anazielekezea. Kiungo, au linki kama tunavyosema, walikihesabu kama ushahidi. Ukurasa unaotajwa na wengi una uzito, na ukitajwa na wenye uzito unazidi kuwa mzito. Njia hiyo waliiita PageRank. Msomaji wa Unguja aliyepita chuoni haimpi tabu kuielewa, maana ni jamaa wa karibu wa sanadi: habari hupimwa kwa wapokezi wake, na mpokezi mmoja anayeaminika anashinda kumi wasiojulikana.

Kuanzia mwaka 2000 Google wakawa wanaionesha alama hiyo hadharani, kutoka 0 hadi 10, kwenye kijistari kidogo cha kijani juu ya kivinjari. Hapo ndipo maradhi yalipoanza. Watu wakaanza kununua na kuuza linki ili kijistari kirefuke. Google waliacha kuisasisha alama ya hadharani mwishoni mwa 2013, na mwaka 2016 wakaiondoa kabisa. Wengine waliishi kwa nambari za Alexa, zilizokuwa zikipanga tovuti za dunia nzima kwa kukisia wageni wake, na makisio yale kwa miaka mingi yalitegemea watu waliokubali kuweka programu maalumu kwenye kompyuta zao. Unaweza kufikiri wangapi kati yao walikuwa Makunduchi au Mkokotoni. Alexa nayo ilifungwa tarehe 1 Mei 2022. Leo zipo alama za kampuni binafsi, kama ile ya Moz inayotoka 1 hadi 100. Google wamesema mara kadhaa kwamba hawaitumii alama hiyo kupanga matokeo. Ni kipimo cha mtu wa pembeni anayejaribu kubashiri hakimu ataamua nini.

Kijana mmoja wa hapa mjini anayetengeneza tovuti za watembeza watalii aliniangalizia blogu yangu kwenye simu yake.

"Mwalimu, una tisa."

"Tisa za nini, mwanangu?"

"Tisa katika mia. Ndiyo maana watu hawaji."

"Na wale wanaokuja, wamefuata nini?"

Alicheka tu. Simlaumu, kwani kwake biashara ni hiyo na anaijua. Lakini swali lile ndilo lililonirudisha kwa Bwana Msa.

Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957 hadi 1958 na kuchapishwa 1960, maiti inakutwa penye mzimu. Wengi wanaona jibu wanalo: mahali penyewe panajulikana, basi mambo ya mizimu hayo. Bwana Msa na kiko chake hawaziki imani za watu kwa matusi, ila hakubali kwamba jina la mahali ndiyo sababu ya tukio. Anauliza nani alikuwa wapi, alitaka nini, na alipita njia gani. Abdulla aliyaandika haya kwa wasomaji walioishi baina ya maelezo ya aina mbili, na raha ya riwaya ile ni kuona swali zuri likiyamaliza majibu mengi ya haraka.

Nadhani alama za tovuti ndiyo mzimu wetu wa leo. Tovuti haina wasomaji, tunasema ni alama. Tovuti ina wasomaji, tunasema ni alama. Tunatoa sadaka za maneno muhimu na linki za kununua. Tuifanye basi kazi ya Bwana Msa: tumfuate msomaji mwenyewe, tuone alikuwa wapi na alitaka nini.

Kesi ya kwanza ni ya tarehe 7 Oktoba 2021, siku Chuo cha Kiswidi kilipotangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi imekwenda kwa Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948. Mabarazani na kwenye simu zetu swali lilikuwa moja: Gurnah nani? Mtu alikuwa ameshaandika riwaya kumi. *Paradise* ilikuwa imeingia orodha fupi ya Booker tangu 1994. Kurasa zinazomhusu zilikuwapo tarehe 6 Oktoba, kwenye tovuti za wachapishaji wakubwa, za chuo kikuu alikofundisha na za magazeti ya Uingereza. Hakuna mtaalamu wa kupandisha tovuti ambaye angezikosoa. Alama walikuwa nazo. Wasomaji wa Unguja hawakuwapo.

Kilichozaliwa usiku mmoja hakikuwa alama, kilikuwa swali. Mtambo wa kutafutia hauendi kumgongea mtu mlango ukamwambia kuna mwandishi wa kwenu anaandika Canterbury. Unakaa kimya mpaka uulizwe. Nafasi ya kwanza kwenye swali lisiloulizwa na mtu ni sawa na kuwa wa mwanzo kwenye foleni ya duka lililofungwa.

Kilichofuata kinafundisha zaidi. Swali la "Gurnah nani?" halikukaa sana kwenye vitabu. Liligeuka haraka kuwa mjadala wa ni Mtanzania au Mzanzibari au Muingereza, na habari ya uraia pacha, na nani ana haki ya kumpongeza. Mtandao ukajibu yale yaliyoulizwa. Ilibidi kitabu chenyewe kije kwa Kiswahili ndipo swali la kifasihi liulizike kwa Kiswahili: mwaka 2022 Mkuki na Nyota walitoa *Peponi*, tafsiri ya *Paradise* iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Hapo mtu aliweza kuuliza Yusuf ni nani, kwa nini anatolewa rehani kwa deni la babake, na kwa nini yule tajiri anaitwa ami. Tafsiri ile iliwafungulia wasomaji wa Kiswahili maswali ambayo hakuna marekebisho ya tovuti yangeyafungua.

Kesi ya pili ni *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka 1999. Hapa huwezi kusema hakuna anayeuliza. Riwaya hii imesomeshwa kidato cha tano na sita, na mwaka 2021 Amil Shivji aliileta kwenye filamu iliyooneshwa Toronto. Ukiitafuta, unapata filamu, halafu unapata notisi: dhamira, ujumbe, falsafa, matumizi ya lugha, wahusika na sifa zao. Nyingi zinafanana mpaka makosa ya tahajia, kwa kuwa zimenakiliana. Nimekutana nazo kwenye kurasa zisizo na alama yoyote ya kujivunia, na bado ziko juu. Kwa nini? Kwa sababu mwanafunzi anaandika "uchambuzi wa riwaya ya Vuta n'kuvute dhamira," na notisi zimetumia maneno hayohayo kama kichwa cha habari. Zimejibu alivyouliza. Aliyemfundisha kuuliza hivyo si Google. Ni mtihani.

Sasa, tusizidharau notisi. Zimewavusha watoto wengi. Lakini zisome uone zilichokiacha. Zitakwambia Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa nguvu kwa Raza, mtu mzima mwenye duka. Kwamba anampenda Denge, mpinzani wa utawala wa Waingereza. Kwamba dhamira ni ukombozi na nafasi ya mwanamke. Kweli tupu. Haziulizi kwa nini mapinduzi ya Yasmin yanaanza kwa miguu, kwa kutoka Mjini na kuhamia Ng'ambo. Jina la Ng'ambo lenyewe linasema: upande wa pili wa maji, pale palipokuwa na mkono wa bahari uliokuja kufukiwa, na daraja lililobaki kuwa jina la soko la Darajani. Yasmin anavuka mstari ambao ukoloni na ubwana waliuchora ardhini, anakwenda kukaa kwa Mwajuma, na huko ndiko anakojifunza kucheka, kutoka na kuchagua. Mwajuma kwenye notisi ni "mhusika mdogo." Kwenye kitabu ndiye daraja. Hili huliandikii alama. Unaliandika kwa kukisoma kitabu taratibu, na kwa kuijua njia ya kutoka Hurumzi hadi Kisiwandui kwa nyayo zako.

Hapa msomaji makini atanishika: basi mwalimu, nafasi ina maana! Ndiyo, ina maana, na sitaki kujifanya haina. Mwanafunzi wa Chwaka mwenye simu ya mkopo na bando la kumalizika kesho hafungui ukurasa wa pili wa matokeo. Ule wa kwanza ndiyo maktaba yake yote. Akikuta Mwajuma ni mhusika mdogo, ataandika hivyo kwenye karatasi ya mtihani, na kesho akiwa mwalimu atafundisha hivyo. Kwa hiyo kuonekana kwenye swali lile mahususi ni jambo la kupigania. Lakini nafasi kwenye swali moja si alama ya tovuti nzima, na tukizichanganya hizi mbili ndipo tunapoibiwa, wa pesa na wa muda.

Kesi ya tatu ndiyo inayonichekesha na kuniumiza pamoja, nayo ni ya majina. Tunao mabingwa watatu wa riwaya kutoka visiwa hivi: Muhammed Said Abdulla wa *Kisima cha Giningi* na *Siri ya Sifuri*, Said Ahmed Mohamed wa *Asali Chungu* na *Utengano*, na Mohamed Suleiman Mohamed wa *Kiu* na *Nyota ya Rehema*. Kwa mtu wa fasihi hawa hawafanani hata kidogo. Mmoja ni fumbo na mzaha, mmoja ni hasira na majaribio, mmoja ni upole unaokata. Kwa mashine, wote ni mchanganyiko wa majina yaleyale ya Mohamed, Said, Ahmed na Suleiman, majina ambayo nusu ya mji huu wanayo. Muhammed tunaliandika pia Mohamed, Mohammed na Muhammad. Abdulla tunaliandika pia Abdullah. Hizo tayari ni njia nane za kumwandika mtu mmoja. Adam Shafi naye hutajwa kama Adam Shafi, kama Adam Shafi Adam na kama Shafi Adam Shafi. Na ile alama ya ritifaa katika *n'kuvute*, mmoja anaiweka, mwengine anaiacha, watatu anatenganisha maneno.

Matokeo yake, mtu anaweza kusoma uhakiki mzuri wa *Nyota ya Rehema* leo, kesho akautafuta asiupate, kwa sababu tu mhakiki alimwita mwandishi "Mohamed" kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna alama itakayomtibu mtu huyu. Dawa yake ni ile ambayo wakutubi wameijua siku zote: jina kamili kama lilivyo kwenye jalada, jina la kitabu, mchapishaji na mwaka, mwanzoni kabisa. Uungwana huo kwa mwandishi, na kwa mtu atakayekuja kumtafuta baada yetu, ulikuwapo kabla ya mtandao.

Baada ya kesi hizo tatu, turudi kwenye takwimu za wageni, maana nambari hazikosi kuzungumza ukizisoma vizuri. Anayefungua linki aliyotumiwa WhatsApp mara nyingi huhesabiwa kama mtu aliyekuja moja kwa moja, kwa sababu mitambo ya takwimu haiambiwi katokea wapi. Mwenye blogu anaona kundi kubwa la wageni wasio na kwao, anadhani wameanguka kutoka mbinguni. Hawakuanguka. Wametoka kwenye kundi la wanafunzi wa zamani, la familia iliyotawanyika Muscat, London na Unguja, la wapenzi wa mashairi. Mmoja kasema, "Hebu someni hiki," wenzake wakafungua. Hiyo ni baraza. Ukikaa Jaws Corner ukinywa kahawa unajua kwamba habari huenda kwa jina la aliyeileta: fulani kasema, na fulani haropoki.

Siti binti Saad alijulikana hivyohivyo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili, na santuri zikarudi pwani. Mtu hakuingia dukani akauliza "mwimbaji mwenye nafasi ya juu." Alikwenda akamwuliza Siti, kwa sababu alishamsikia mahali, au alishasikia anasifiwa na mtu anayemwamini. Halafu Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na wasifu huo umempeleka kwa vizazi visivyowahi kuiona santuri. Hicho nacho ni kiungo, cha mwandishi mmoja mkubwa kumwelekea msanii mkubwa, na kingali kinafanya kazi.

Ndiyo maana mie naona Page na Brin walianza na wazo zuri lililoharibiwa na kijistari cha kijani. Wazo lilikuwa kwamba kutajwa kuna thamani. Tulipoonyeshwa nambari tukaacha kutajana tukaanza kutafuta nambari. Angalia blogu zetu za fasihi za Kiswahili: mara ngapi mhakiki anamwelekeza msomaji kwa mhakiki mwenzake? Tunanukuu vitabu vya chuo kikuu, tunataja magazeti ya nje, lakini mwenzetu wa Pemba aliyeandika juzi juu ya kitabu hichohicho tunampita kama hatukumwona. Wivu, au uvivu, sijui.

Na viungo vyetu vichache vimekatika pia kwa sababu zisizo zetu. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kutumika Tanzania, mwenye blogu alitakiwa kuwa na leseni, na ada zake zilizidi shilingi 1,000,000. Kwa mtu anayeandika juu ya mashairi bila kulipwa, hiyo ilikuwa amri ya kuzima taa. JamiiForums wenyewe walisimama kwa muda mwezi Juni mwaka huo. Blogu kadhaa zilifungwa, na kila moja ilikuwa imeshika mkono wa nyengine. Ukibonyeza leo linki za makala za zamani, unafika kwenye kurasa tupu. Katika utaratibu wa kupima kwa ushahidi, mashahidi wetu wamekufa. Hilo limetuumiza kuliko alama ndogo ya blogu yoyote.

Kilichobaki ni kusema namna ninavyotaka tuandike. Siku hizi nasoma makala ya aya ishirini ambamo "fasihi ya Kiswahili ya Zanzibar" imerudiwa kila sentensi ya pili kama tasbihi, na mwisho sijui mwandishi anakipenda kitabu au anakichukia. Ile ni lugha ya mtu anayezungumza na mashine huku msomaji amekaa mbele yake. Nataka turudi kuzungumza na msomaji. Yule mwanafunzi wa Chwaka anauliza "dhamira za Vuta n'kuvute"? Tumwandikie makala yenye kichwa hichohicho bila kuona haya, halafu ndani tumpe Mwajuma, Ng'ambo na daraja. Tumjibu alivyouliza, na tumwache na swali ambalo hakuja nalo. Akilipeleka darasani au kwenye kundi lake, kesho wataliuliza wengine, na mtambo utalazimika kutafuta jibu lake.

Wahakiki wenzangu mnaoandika Kiswahili, wekeni majina kamili na miaka. Hifadhini nakala za makala zenu mahali zaidi ya pamoja. Tajaneni, na mkitaja wekeni linki. Kijana wangu wa alama 9 akija tena nitamkaribisha kahawa, kisha nitampa *Siri ya Sifuri* akasome.